IBN SINA: TABIBU ALIYEIJUA NGUVU YA NAFSI, NA MPAKA WAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeteremsha ugonjwa na akateremsha pamoja nao dawa yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba wake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya Kiyama.

Ama baad. 

Siku hizi kuna maneno mengi juu ya nguvu ya akili ya ndani, yaani ile sehemu ya akili ambayo inafanya kazi bila mtu mwenyewe kujua, hata akiwa katika usingizi. Vitabu vimeandikwa juu ya jambo hilo. Kimojawapo kilichojulikana sana ni kile cha Joseph Murphy, kilichotoka Marekani mwaka 1963, kikatafsiriwa katika lugha nyingi pamoja na Kifaransa. Vinafundisha kwamba mtu akiiambia akili yake ya ndani kila usiku kuwa amepona, au amefaulu, basi mwili na maisha vitafuata.

Waislamu wametofautiana juu ya mafundisho haya. Wengine wameyapokea yote, mpaka kuna mgonjwa anayeacha dawa zake za munganga kwa kuwa ameambiwa kuamini kunatosha. Asipopona, analaumiwa kwamba hakuamini vizuri. Wengine wameyakataa yote na kusema ni uchawi na uongo mtupu. Ijumaa ya leo tutasoma maisha ya Muislamu mmoja aliyelichunguza jambo hili karibu miaka 1000 iliyopita, akalitumia katika masomo yake na katika kutibu wagonjwa, na mwisho akakutana na mpaka wake katika mwili wake mwenyewe. Jina lake ni Abu Ali al-Husayn bin Abdallah bin Sina. Sisi tunamwita Ibn Sina, na watu wa Ulaya wanamwita Avicenna.

MTOTO WA BUKHARA

Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 wa Hijra, sawa na mwaka 980, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, katika nchi ambayo leo inaitwa Uzbekistani. Baba yake alitoka Balkh na alikuwa mtumishi wa serikali ya wafalme wa Kisamani. Mama yake alikuwa mwenyeji wa Afshana. Familia ilihamia Bukhara, na huko mtoto akatafutiwa walimu. Alipofikisha miaka 10 alikuwa amemaliza kujifunza Kur'ani pamoja na fasihi nyingi ya Kiarabu, na watu walimstaajabia.

Baba yake hakuona aibu kumpeleka mtoto kwa kila mwenye elimu. Hesabu za Kihindi alijifunza kwa muuza mboga. Fikihi alisoma kwa Ismail az-Zahid. Mantiki, hesabu za maumbo na elimu ya nyota alianza kwa mwalimu aliyeitwa an-Natili, lakini baada ya muda mwanafunzi akamzidi mwalimu, akaendelea peke yake. Kisha akaingia katika utabibu, na akaona kwamba si elimu ngumu. Alipokuwa na miaka 16, matabibu wakubwa walikuja kusoma kwake, naye alikuwa anatembelea wagonjwa na kujifunza kwao mambo ambayo hayamo katika vitabu.

USIKU WA MASOMO

Baada ya hapo alipitia tena mantiki na falsafa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo hakulala usiku mmoja mzima. Ndugu, hapa tusikilize vizuri, kwa sababu mwenyewe ameeleza namna alivyofanya kazi.

Kila swali lilipomshinda, aliliacha kidogo, akaenda msikitini, akaswali, akamuomba Mwenyezi Mungu amfungulie lililofungwa. Kisha alirudi nyumbani, akawasha taa, akaendelea kusoma na kuandika. Usingizi ulipomchukua, aliyaona maswali yale yale katika ndoto, na mengi yalimfunukia akiwa amelala. Leo tungesema kwamba akili yake ya ndani iliendelea na kazi wakati mwili umepumzika. Lakini tazama mpango wake: kwanza alisoma kwa bidii mpaka akachoka, kisha akaomba, kisha akalala. Akili ya ndani ilipewa chakula cha kusaga. Mtu asiyefungua kitabu hata kimoja asitegemee kuota majibu ya mtihani.

Na kuna jambo ambalo wala usiku, wala ndoto, wala kurudia hakukulifungua. Alisoma kitabu cha Aristotle juu ya asili ya vitu mara 40, mpaka akakijua kwa moyo, na bado hakuelewa lengo lake. Akakata tamaa. Siku moja alasiri alikuwa katika soko la wauza vitabu, na mchuuzi akamshika amuuzie kitabu kimoja. Alikikataa, lakini mchuuzi alisema mwenye kitabu anahitaji pesa, akampunguzia mpaka dirhamu 3. Kilikuwa kitabu cha al-Farabi kinachoeleza makusudio ya kitabu kile cha Aristotle. Alikisoma usiku ule na kila kitu kikafunguka. Kesho yake alitoa sadaka nyingi kwa maskini kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu. Akajua kwamba mlango mwingine hufunguliwa na mtu mwingine, kwa dirhamu 3 tu.

Wakati huo mfalme wa Bukhara, Nuh bin Mansur, aliugua ugonjwa uliowashinda matabibu wake. Ibn Sina aliitwa kushirikiana nao, na malipo aliyoomba ni ruhusa ya kuingia katika nyumba ya vitabu ya mfalme. Alipofika miaka 18 alikuwa amemaliza elimu zote za zama zake.

NAFSI NA MWILI

Vitabu vyake viwili vimemfanya ajulikane dunia nzima. Cha kwanza ni al-Qanun fi at-Tibb, Kanuni ya Utabibu, chenye sehemu 5. Kilitafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, na vyuo vikuu vya Ulaya vilikitumia mpaka karne ya 17. Cha pili ni Kitab ash-Shifa, Kitabu cha Uponyaji, ambacho si cha dawa za mwili. Ni cha mantiki, maumbile, hesabu na elimu ya mambo ya juu, kwa ajili ya kuiponya nafsi na ujinga.

Katika Kitab ash-Shifa kuna sehemu juu ya nafsi. Humo ameeleza kwamba picha iliyokaa ndani ya nafsi ina uwezo wa kuugeuza mwili. Ametoa mfano wa ubao. Ukiulaza chini, mtu anatembea juu yake bila wasiwasi wowote. Ubao ule ule ukiuweka kama daraja juu ya bonde refu, mtu huyo huyo anatetemeka na anaweza kuanguka. Ubao haukubadilika na miguu haikubadilika. Picha ya kuanguka imeikamata nafsi, na viungo vimeitii.

Akasema tena kwamba mgonjwa aliyeshika kwa nguvu wazo la kupona anaweza kupata nafuu, na mtu mzima aliyeshika wazo la kuugua anaweza kuugua kweli, na kwamba mara nyingine jambo hili linazidi vifaa vya tabibu. Hayo aliyaandika miaka zaidi ya 900 kabla ya kitabu cha Murphy.

Katika Qanuni ameeleza ugonjwa wa mapenzi, ambapo mtu anakonda, hali, halali, na anakataa kusema ni nani amempenda. Tabibu ashike mshipa wa mkono wa mgonjwa, kisha atajwe majina, mitaa na kazi mbalimbali. Mahali ambapo mapigo yanabadilika, hapo ndipo siri ilipo. Ulimi unaweza kuficha, lakini mshipa unatoa ushahidi bila mwenyewe kutaka.

Alipokuwa katika mji wa Rayy alimtibu mtawala kijana, Majd ad-Dawla, aliyekuwa na ugonjwa wa huzuni nzito. Kuna pia kisa kilichoandikwa na Nizami Aruzi katika karne ya 12, zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwa Ibn Sina. Inasimuliwa kwamba mwana mmoja wa watawala aliamini amekuwa ng'ombe, akakataa kula, akaomba achinjwe nyama yake ipikwe. Ibn Sina akaingia na kisu kama mchinjaji, akamlaza, akampapasa mbavu, akatangaza kwamba ng'ombe huyu amekonda sana, alishwe kwanza anenepe. Mgonjwa akakubali kula, na ndani ya chakula akawekewa dawa, mpaka akapona. Ikiwa kisa kilitokea hivyo au kimeongezwa chumvi, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini aliyekisimulia aliijua njia ya Ibn Sina: alipita katika wazo la mgonjwa ili afungue mlango, na mlango ulipofunguka alipitisha chakula na dawa.

WAZIRI NA MFUNGWA

Maisha yake hayakuwa ya raha. Baba yake alikufa yeye akiwa kijana, ufalme wa Bukhara ukaanguka, naye akahama mji hadi mji: Gurganj, Jurjan, Rayy, Hamadan. Huko Jurjan alipata mwanafunzi mwaminifu, al-Juzjani, aliyekaa naye mpaka mwisho na kuandika habari zake.

Huko Hamadan, mtawala Shams ad-Dawla alishikwa na msokoto mkali wa tumbo. Ibn Sina alikaa kando yake siku 40, usiku na mchana, mpaka akapona. Tukumbuke ugonjwa huu, maana utarudi. Mtawala alimfanya waziri. Kisha askari wakaasi, wakazunguka nyumba yake, wakachukua mali yake, wakataka auawe. Akajificha siku 40 kwa rafiki. Msokoto ulipomrudia mtawala, alimtafuta, akamuomba radhi, akamrudishia uwaziri. Mchana alifanya kazi ya serikali, na usiku alifundisha na kuandika.

Shams ad-Dawla alipokufa, Ibn Sina alifungwa katika ngome ya Fardajan kwa miezi 4. Mtu aliyekuwa na waandishi, watumishi na vitabu akajikuta nyuma ya ukuta. Huko gerezani aliendelea kuandika. Baadaye alitoroka pamoja na ndugu yake na al-Juzjani, wamevaa nguo za masufi, wakafika Isfahan kwa mtawala Ala ad-Dawla, ambako alipewa heshima mpaka mwisho wa maisha yake.

SHAKA ZA WANAZUONI

Ndugu Waislamu, hatumsifu Ibn Sina kama mtu asiye na kosa. Wanazuoni walimpinga katika mambo ya itikadi, na mkubwa wao ni Imamu al-Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111. Katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa alihesabu masuala 20, na 3 kati yake aliyaona mazito sana: kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mwenyezi Mungu anajua mambo kwa ujumla wake tu, na kukana kwamba miili itafufuliwa. Tena al-Juzjani hakuficha kwamba mwalimu wake hakujitunza na alizidisha anasa, na hata pombe, ambayo dini yetu imeiharamisha, inatajwa katika habari zake.

Lakini tazama hekima ya Mwenyezi Mungu. Mwaka 488, sawa na 1095, al-Ghazali mwenyewe alishikwa na ugonjwa wa ajabu akiwa mwalimu mkubwa mjini Baghdad. Alikuwa amejaa shaka na vita ndani ya moyo: aache cheo na umaarufu, au abaki. Ulimi wake ukafungwa, akashindwa kufundisha. Chakula kikakataa kushuka. Matabibu walimpima, wakaona kwamba jambo limeanzia moyoni na kutoka huko limeingia mwilini, na kwamba hakuna dawa mpaka dhiki ya moyo iondoke. Akamlilia Mwenyezi Mungu, akapata nguvu ya kuacha cheo, akatoka Baghdad. Aliyempinga Ibn Sina katika itikadi alipitia katika mwili wake yale yaliyoandikwa na Ibn Sina juu ya nafsi na mwili. Kwa hiyo mtu anaweza kukataa itikadi ya mwandishi na akakubali uchunguzi wake, na hiyo ni haki.

KIFO CHAKE

Ibn Sina alishikwa na ugonjwa ule ule aliomponya mtawala, msokoto wa tumbo. Kulikuwa na safari ya vita na hakutaka kubaki nyuma. Akaharakisha tiba, akajitia dawa kwa njia ya haja mara 8 kwa siku moja, mpaka utumbo ukapata vidonda. Mmoja wa matabibu waliomhudumia alizidisha kipimo cha dawa, na watumishi wake wakamtilia afyuni nyingi. Alipata nafuu kidogo, kisha ugonjwa ukarudi.

Walipofika Hamadan alijua kwamba nguvu ya mwili wake imekwisha. Akaacha kujitibu, akaeleza kwamba mtawala aliyekuwa anauongoza mwili wake hawezi tena kuuongoza. Inapokewa kwamba alitubia, akatoa mali yake sadaka, akarudisha haki za watu aliowajua, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anahitimu Kur'ani kila siku 3. Alikufa katika mwezi wa Ramadhani mwaka 428, sawa na 1037, akiwa na miaka 58 kwa hesabu ya Hijra. Kaburi lake liko Hamadan, nchini Irani.

MAFUNZO KWETU

Kwanza, nafsi ina nguvu kweli, na Muislamu aitumie. Kutia nia kila asubuhi, kurudia tendo jema mpaka liwe tabia, kulala na udhu na dhikri badala ya kulala na hasira: hayo yanaingia mpaka mahali ambapo mtu hajioni. Mtume (s.a.w.) alipomtembelea mgonjwa alimpa neno la matumaini, kwamba hakuna ubaya na kwamba ugonjwa utamsafisha, Mungu akipenda. Siku moja mzee mmoja wa jangwani alilikataa neno hilo na kusema hii ni homa tu ya kumpeleka mzee kaburini. Mtume (s.a.w.) akamjibu kwamba basi na iwe hivyo. Tukienda kumuangalia mgonjwa tuchunge ndimi zetu. Si vizuri kukaa kando ya kitanda na kuhesabu waliokufa kwa ugonjwa kama wake.

Pili, nafsi ni kiumbe. Anayefundisha kwamba akili yako ya ndani ndiyo mungu wako, au kwamba uiombe yenyewe, ameuvuka mpaka wa tauhidi. Ibn Sina alipokwama alikwenda msikitini na kumuomba Aliyeiumba akili.

Tatu, dawa ni sababu iliyowekwa na Mwenyezi Mungu, na Mtume (s.a.w.) aliwaamuru watu wajitibu. Utafiti wa siku hizi umeonyesha kwamba matumaini ya mgonjwa yanaweza kupunguza maumivu, kichefuchefu na wasiwasi, na kumsaidia kulala. Lakini matumaini hayaui vijidudu vya malaria wala vya kifua kikuu, wala hayachukui nafasi ya sindano ya insulini kwa mtoto ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa. Mwenye dawa za kila siku, ziwe za sukari, presha au ukimwi, asiziache kwa sababu ya kitabu, kaseti au mhubiri yeyote. Azinywe, na amuombe Mwenyezi Mungu.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote: tusimlaumu mgonjwa asiyepona. Katika nyumba zetu kuna wajane na mayatima walioambiwa kwamba marehemu wao angepona kama angeamini zaidi. Neno hilo ni dhuluma juu ya msiba. Nabii Ayyub (a.s.) aliugua muda mrefu, na imani yake ilikuwa imara kuliko milima. Ibn Sina aliijua nguvu ya nafsi kuliko matabibu wote wa zama zake, na alijua dawa zote za msokoto wa tumbo, na msokoto ulimchukua. Ajali ilipofika, elimu yote ilikaa kimya, na kilichobaki ni toba, sadaka na kisomo.

Ee Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu walio nyumbani na hospitalini. Wape matabibu wetu elimu na huruma. Zitulize nyoyo zetu kwa kukutaja Wewe. Warehemu waliotutangulia, na utujaalie mwisho mwema. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

TAFADHALI: Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala usiifungie bidhaa. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako. Usisome wakati Imamu anatoa khutuba.